Moshi wa Uunsi Ghorofa ya Tatu

Kila siku baada ya swala ya Alasiri, harufu ya uunsi ilishuka ngazi za jengo walimoishi akina Ruweyda mjini Garissa. Ilianzia mlangoni pao, ghorofa ya tatu, ikawapitia majirani wa chini, ikafika hadi kwenye duka la magodoro lililokuwa kando ya barabara. Wateja waliacha kupatana bei wakauliza, "Nani huyo anafukiza?" Mwenye duka alijibu bila kuinua macho, "Saynab. Nani mwingine?"

Saynab alikuwa mama yake Ruweyda. Aliupika uunsi jikoni mwake kwa sukari iliyoyeyushwa hadi ikawa ya kahawia, ubani uliotwangwa, na manukato ambayo hakumtajia mtu majina yake. Mchanganyiko ulipopoa aliuvunja vipande, akautia katika mikebe midogo na kwenda kuuza Soko Mugdi. Baba alikuwa dereva wa lori la mifugo. Leo yuko Modogashe, wiki ijayo yuko Takaba, na mshahara wake ulikuja siku uliyopenda wenyewe. Unga, karo na dawa za bibi yake Ruweyda vilitoka kwenye ile mikebe.

Kazi ya Ruweyda ilikuwa kufukiza. Akitoka shuleni, alitia makaa yaliyokolea katika dabqaad, kile chetezo cha udongo chenye matundu, akadondosha kipande cha uunsi juu yake, kisha akakitoa nje na kukiweka kwenye korido mbele ya mlango. Hivyo ndivyo bibi yake, Ayeeyo Osob, alivyotaka.

"Mgeni akizipanda ngazi zote hizi kwa ajili yetu, angalau akute harufu nzuri mlangoni," alisema.

Ayeeyo mwenyewe hakuzipanda tena ngazi hizo wala kuzishuka. Aliwahi kuanguka akaumia nyonga, na tangu hapo alitembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi dirishani, akarudi. Miguu ilikuwa imepunguza kazi, lakini ulimi ulikuwa bado mzima kabisa.

Muhula ulipoanza, mwenye jengo alileta fundi wa kufunga kengele za moto. Ruweyda alitazamia kumwona mwanamume. Akatokea Weris, mwanamke mrefu mwenye hijabu fupi aliyoichomeka ndani ya ovaroli ya buluu, mkanda wa vifaa kiunoni na kidrili mkononi. Alizaliwa Bura, akasomea ufundi wa umeme Garissa, na hakuona haya kumwambia kila mtu kwamba kazi yake ni nzuri kuliko ya fundi yeyote mjini. Ukiitazama kazi yenyewe, hukuwa na la kumbishia.

Ruweyda alikaa ngazini kila jioni kumtazama. Weris alipitisha nyaya nyekundu ukutani zikanyooka kama mistari ya daftari. Aliona mahali pamoja zimepinda kidogo sana, akazing'oa akaanza upya, ingawa hakuna mtu ambaye angeona.

"Kwani hiyo iko na shida gani?" aliuliza Abdiwali, msimamizi wa jengo, aliyekuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

"Waya ukipinda vibaya leo, kesho unakatika ndani kwa ndani," alijibu Weris. "Kunywa chai, Abdiwali. Mimi na waya wangu tutakungoja."

Kisha akaenda kuikagua ngazi ya nyuma, ile ya dharura iliyo nje ya jengo, akarudi amekasirika. Ilikuwa imejaa magunia ya makaa, baiskeli mbovu na nyasi za mbuzi wa mtu fulani, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Weris alikataa kushika hata bisibisi mpaka vitu vyote viondolewe na kufuli litupwe. Walinung'unika, wakaondoa. Ruweyda alifurahi sana kuona watu wazima wakiamrishwa namna hiyo na mwanamke mwenye nyundo.

Kazi ilipokamilika, kila korido, pamoja na ghala la duka la magodoro, ilikuwa na kigunduzi cha moshi, kifaa cheupe cha duara kilichobandikwa darini, na king'ora chekundu ukutani. Weris alibandua vifuniko vya plastiki vilivyokuwa vikivikinga vigunduzi dhidi ya vumbi na rangi, akavitia kwenye katoni. Kimoja kilibingirika chini ya ngazi. Ruweyda alikiokota akawa anawekea vibanio vyake vya nywele.

Siku iliyofuata, baada ya Alasiri, alifukiza kama kawaida. Mara king'ora kikalia jengo zima. Watu walitoka mbio. Mzee Abshir wa ghorofa ya nne aliteremka amevaa macawis yake, kikoi cha kulalia, ndevu zimepakwa hina ambayo haijakauka, akiacha matone mekundu kwenye kila kidato. Mzee huyu alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na ngazini alipenda kusema Kiswahili ili kila mtu akumbuke kwamba alifanya kazi ofisini.

"Moto iko wapi?" alifoka. "Nani ameona moto?"

Hapakuwa na moto. Palikuwa na dabqaad ya Ruweyda ikifuka taratibu chini ya kigunduzi.

Mama aliomba radhi kwa kila mlango, na dabqaad ikahamia ndani. Lakini kupika uunsi kuna moshi wake, na mlango ulipofunguliwa, moshi ule ulitoka ukapanda moja kwa moja darini. King'ora kikalia tena, na wiki hiyohiyo kikalia mara nyingine. Sasa watu walikuwa wameacha kukimbia, walifungua tu milango na kupiga kelele. Abdiwali alipanda ngazi akiwa na uso mzito.

"Saynab dada yangu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini kengele ikilia tena kwa sababu ya uunsi, hakuna kupika uunsi katika jengo hili. Mwenye jengo amesema."

Mama aligeuka akaitazama mikebe yake. Ruweyda alijua anachofikiria. Ilhan, binti wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, alikuwa anaolewa, na familia yake ilikuwa imeagiza uunsi wa harusi nzima. Agizo kama hilo mama hakuwahi kulipata.

Kesho yake mama alikuwa nje akinunua sukari. Wapaka rangi walikuwa wameegesha ngazi yao kwenye korido. Ruweyda alimwaga vibanio vya nywele kitandani, akachukua kile kifuniko cha plastiki, akapanda, akakibandika kwenye kigunduzi. Kiliingia kwa urahisi. Alishuka, akajiambia kwamba ni mpaka harusi ipite tu. Jioni hiyo mama alipika uunsi sufuria mbili, moshi ukajaa korido, na hakuna kilicholia.

"Alhamdulillahi," alisema mama, akifuta jasho. "Huenda kile kitu kimetuzoea."

Ruweyda alichukua ufagio akaenda kufagia.

Ikatokea kwamba wiki hiyo Weris alikuwa akifunga kengele katika bweni la wasichana la shule aliyosoma Ruweyda. Mwalimu wa Sayansi alimwomba aje azungumze na Gredi ya Saba. Weris aliingia na kigunduzi mkononi, akakifungua mbele yao kwa bisibisi ndogo, akakipitisha dawati kwa dawati.

"Ndani humu kuna chumba kidogo cheusi na mwale wa taa," alieleza. "Hewa ikiwa safi, mwale unapita moja kwa moja. Moshi ukiingia, mwale unatawanyika, na hiki kijicho kilichokaa pembeni kinauona. Kikiuona, kinapeleka habari kwenye paneli, kile kisanduku kinachoongoza kengele zote, na king'ora kinalia. Mtu aliyelala anaamka kabla moshi haujamfika puani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, namwambia nawaamsha watu."

"Na kinajua ni moshi wa nini?" aliuliza mvulana wa mbele.

"Hakijui. Moshi wa godoro, moshi wa chapati iliyoungua, moshi wa uunsi wa hooyo, kwake vyote ni moshi tu."

Darasa liliangua kicheko kusikia hooyo, mama, akitajwa. Ruweyda alitazama dawati lake.

"Na stima ikipotea?"

"Stima ya Garissa ipotee?" Weris alijifanya ameshangaa, na watoto wakacheka zaidi. "Kuna betri kwenye paneli. Ndiyo maana nazipima kila ninapokuja."

Mwalimu naye aliuliza ni nini kinachomsumbua zaidi katika kazi yake, labda vumbi.

"Vumbi linanisumbua, Mwalimu, lakini vumbi nalipangusa," alisema Weris, na sauti yake ikaacha mzaha. "Kinachoniumiza ni mtu kukifunika kigunduzi. Taa ya paneli inabaki kijani, kila kitu kinaonekana sawa. Mimi nalala usingizi nikijua watu wangu wako salama, kumbe hawako. Na wao wenyewe hawajui."

Kuanzia hapo Ruweyda hakusikia tena lolote. Alimwona Ayeeyo akitembea na mkongojo wake kutoka kitandani hadi dirishani. Watu wengine wote wa jengo lile wangeweza kukimbia wakichelewa kuamka. Ayeeyo hangeweza. Yeye alihitaji kuamshwa mapema kuliko wote, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa ameinyamazisha kengele yake.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, alitembea hadi langoni, akasimama. Akisema, mama atakatazwa kupika, na uunsi wa Ilhan hautakamilika. Asiposema... Aligeuka akarudi mbio hadi bwenini. Weris alikuwa anapanga vifaa vyake ndani ya gari.

"Eeddo Weris," alisema, akihema. Alimwita eeddo, shangazi, kwa sababu hakupata neno lingine la kumheshimu zaidi. "Kile kigunduzi cha ghorofa yetu, nimekifunika."

Weris aliiweka chini drili yake. "Ghorofa gani?"

"Ya tatu. Kwa kifuniko cha plastiki. Mama hajui. Nilifanya hivyo ili asikatazwe kupika uunsi." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Ruweyda alingoja kugombezwa. Weris akafungua mlango wa gari.

"Nakujua. Wewe ndiwe uliyekuwa unakaa ngazini," alisema. "Kosa ulilofanya ni baya, na tutalizungumza. Lakini umekuja kuniambia mwenyewe kabla sijakuuliza. Wallahi, watu wazima wachache sana wamewahi kunifanyia hivyo. Panda."

Katika jengo, Weris alikibandua kifuniko, akakipangusa kigunduzi kwa brashi laini, akakijaribu mpaka akaridhika. Aliahidi kurudi Jumatatu kukagua jengo zima. Kisha akamwambia Ruweyda, "Kifuniko nimeondoa mimi. Maneno ya kumwambia mama yako ni yako."

Ruweyda alimwambia mama jikoni, akiwa amesimama karibu na mlango. Mama alikuwa anakoroga sukari. Alizima moto kwanza, akageuka.

"Ni mimi niliyekutuma unifichie moshi?" aliuliza polepole. "Nikuze watoto kwa pesa ya uunsi, na nyanya yao alale chini ya kengele kiziwi? Hilo ndilo ulilodhani ninalitaka?"

"Hapana, hooyo."

"Vaa viatu."

Walishuka pamoja hadi kwa Abdiwali. Pale chini, majirani wakipita na ndoo zao za maji na mboga, Ruweyda alilirudia kosa lake neno kwa neno. Mzee Abshir alisimama kusikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa na kupanda zake juu. Abdiwali alisema kupika uunsi kumesimama mpaka fundi atakaporudi. Jioni hiyo mama alimpigia simu mama yake Ilhan kumwambia kwamba hataweza kumaliza kwa wakati. Familia ile ilimpa mpishi mwingine kazi.

Hakuna adhabu ambayo ingemuuma Ruweyda zaidi ya kuisikia simu ile. Alikaa pembeni asile. Mama alimngoja, akaona haji, akasogeza sahani katikati.

"Njoo ule," alisema. "Agizo litakuja jingine. Na Ayeeyo wako yuko hapa."

"Nipo," alisema Ayeeyo kutoka kitandani, "na mimi pia sijala."

Jumamosi asubuhi, king'ora kililia.

Ruweyda alikuwa anafagia sebule. Alitazama jikoni: jiko lilikuwa baridi. Dabqaad ilikuwa rafuni bila hata jivu. Nje, sauti za majirani zilianza kusikika kupitia milango iliyofungwa.

"Saynab ameanza tena!"

"Mwambieni azime!"

Hakuna aliyetoka. Ruweyda alichungulia kwenye dirisha la korido. Chini, kwenye matundu ya ghala la duka la magodoro, moshi mzito wa kijivu ulikuwa unatoka ukipanda ukutani. Mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda Bura tangu jana, na milango yake ilikuwa imefungwa. Tayari ngazi ya mbele ilikuwa inanuka mpira ulioungua.

"Hooyo! Ni ghala la magodoro!"

Mama alikuwa ameshamshika Ayeeyo mkono. "Gonga milango," alisema. "Upite ngazi ya nyuma tu. Umenisikia? Ya nyuma tu. Na ulete mwanamume mmoja wa kunisaidia kumbeba."

Ruweyda aligonga milango ya korido yao kwa ngumi zote mbili. "Si uunsi! Sisi hatujawasha! Moto uko ghalani! Tokeni kwa nyuma!" Mlango wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka, wanawake wakatoka na watoto mikononi. Akaipanda ngazi ya nyuma, penye hewa safi, hadi ghorofa ya nne. Hapo alishangaa. King'ora kilichokuwa kikimpasua masikio kule chini, huku juu kilisikika kwa mbali, kama redio ya jirani. Milango yote ilikuwa imetulia. Akagonga mlango wa Mzee Abshir mpaka mzee akaufungua.

"Nini hii kelele?"

"Adeer, moto! Ghala la magodoro linaungua. Toka tafadhali, na Ayeeyo wangu anahitaji kubebwa," alisema Ruweyda, akimwita adeer, ami, kwa heshima.

Mzee Abshir alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiyo ule mtoto alifunika mashine. Ulidanganya jengo mzima. Leo nikuamini aje?"

Maneno yale yalimchoma Ruweyda. Lakini hakuwa na muda wa kuona haya.

"Ndiyo, ni mimi niliyefunika," alisema. "Na ni mimi niliyekuja kusema, mbele yako, na mama yangu akapoteza kazi ya harusi kwa ajili hiyo. Kama ningekuwa mwongo, adeer, ningenyamaza siku ile. Nusa hewa, kisha uniambie kama huu ni uunsi wetu."

Mzee alitoa kichwa nje, akavuta pumzi. Uso wake ukabadilika.

"Hii si uunsi," alisema. Na mzee yuleyule aliyekuwa akilalamikia magoti kila mkutano wa wapangaji, alianza kupiga milango ya korido yake akiita watu kwa majina, akahakikisha wote wametoka, kisha akateremka ngazi ya nyuma kwa kasi ambayo Ruweyda hakuitarajia.

Walimketisha Ayeeyo kwenye kiti cha plastiki. Mzee Abshir alishika nyuma, mama na jirani mmoja wakashika mbele.

"Polepole," alisema Ayeeyo. "Mimi si gunia la sukari. Abshir, ukiniangusha nitakulaani kwa Kiswahili chako."

"Nyamaza, Osob, mimi niko na kazi."

Walishuka salama kupitia ile ngazi ambayo muhula uliopita isingepitika kwa magunia ya makaa. Chini, Abdiwali alikuwa ameshazima swichi kuu ya umeme, kama Weris alivyomwelekeza, na kuwapigia simu zima moto wa kaunti. Alifungua ghala kwa ufunguo wa akiba, akasimama mlangoni na mtungi wa kuzimia moto, akanyunyiza poda nyeupe kwenye godoro lililokuwa limeanza kushika moto. Waya wa ekstensheni uliokuwa ukivuta feni na friji ya soda ulikuwa umeyeyuka kabisa. Gari la zima moto lilipofika, moto ulikuwa umezimika na kulikuwa kumebaki moshi tu. Hakuna mtu aliyeumia. Ayeeyo alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti chake, akiomba chai.

Mama alimshika Ruweyda akamkumbatia kwa nguvu mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Jumatatu Weris alirudi. Aliwaita wapangaji wote uani, na safari hii walikuja wote. Alikuwa amekagua paneli na nyaya zote tangu asubuhi, na uso wake ulikuwa na fahari asiyoificha.

"Kigunduzi cha ghala kilifanya kazi yake," alisema. "Niliwaambia kazi yangu ni nzuri." Watu wakacheka. "Lakini sikilizeni na kosa langu. Mimi nimekulia Bura, katika nyumba iliyofukizwa kila jioni ya Mungu. Nikaja hapa nikapima kuta zenu, nikapima dari zenu, na sikuwauliza wapi mnaweka dabqaad. Nilibandika kigunduzi juu ya mlango wa mpishi wa uunsi! Kingeacha kulia vipi?"

Akaeleza atakachofanya. Kigunduzi cha korido atakisogeza mbali na mlango wa Saynab. Jikoni ataweka kigunduzi cha joto, kisichojali moshi wa uunsi wala chapati, ila hupiga kelele joto linapopanda kupita kiasi. Na kupika uunsi kutahamia kwenye kibanda cha juu ya paa, penye hewa pande zote. Alikuwa ameshazungumza na mwenye jengo, naye amekubali.

Mama aliweka mkono kifuani. "Naweza kupika tena?"

"Hata leo," alisema Weris. "Sasa kuna jambo moja halijanipa usingizi. Watu wa ghorofa ya nne wanasema hawakukisikia king'ora vizuri. Nilikipima mwenyewe nilipokifunga, na kilikuwa kikali kuliko vyote. Sijakifungua bado. Nimeona nitangulie kuuliza, kama kuna mtu anajua sababu."

Watu walitazamana. Ruweyda aliwatazama watu wa ghorofa ya nne mmoja mmoja, akamwona Mzee Abshir akizishika ndevu zake nyekundu, akiziachia, akizishika tena. Mwishowe mzee alisimama.

"Ni mimi," alisema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imepotea. "Hiyo kitu iko karibu na mlango yangu. Ilikuwa inaniamsha mchana. Nikaishindilia macawis ya zamani ndani, nikapiga gundi ya karatasi. Huyu mtoto alikuja kwa mlango yangu nikamwita mwongo. Na mimi nilikuwa nimefanya kama yeye, na sikuambia mtu." Alimgeukia Ruweyda. "Nisamehe, mtoto yangu. Ungechelewa kidogo, mimi na majirani yangu tungekuwa huko juu."

Ruweyda alisogea, akaushika mkono wake, na mzee akaubana kwa nguvu.

"Sasa nitasema, kisha nirudi kazini," alisema Weris. Hakuinua sauti, lakini hata watoto wadogo walinyamaza. "Ruweyda alikosea vibaya, na mzee wetu alikosea vibaya. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani haya ni mambo madogo. Lakini kosa la Ruweyda nilikuwa nimeshalirekebisha, kwa sababu aliniambia. La mzee lilibaki pale ukutani likingoja moto, kwa sababu alinyamaza. Tofauti yao ni hiyo tu. Mimi nawawekea waya na betri, lakini sikai hapa. Ninyi ndio mnaokaa hapa. Kengele ikiwasumbua, njooni mniambie, hata kama mmeifanyia jambo la aibu. Aibu nitaivumilia na ninyi. Mazishi siwezi kuyarekebisha."

Weris alipanda ghorofa ya nne, na Mzee Abshir akamfuata akiwa amembebea ngazi. Baada ya muda mfupi king'ora cha majaribio kililia, kikali, kwenye ghorofa zote nne. Watu waliokuwa wamesharudi majumbani walifungua milango na kushuka ngazi ya nyuma bila kuuliza chochote, na wa kwanza kufika uani alikuwa Ayeeyo Osob, kwenye kiti chake, Ruweyda akiwa ameshika upande mmoja.